Mkono wa Kulia

Wazazi walimpachika jina la Mwalimu Subiri, na hawakulitoa kwa mapenzi. Mama akifika asubuhi, amechelewa kazini, akainama kumfunga mwanawe kamba za viatu, mwalimu huyu husimama mlangoni na kusema kwa upole, "Subiri, mama. Anaweza." Basi mama husubiri, huku mtoto akizungusha kamba kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, akikosea, akianza upya, ulimi nje. Wengine waliondoka wakisonya. Wengine, wachache, walirudi siku ya pili mapema kidogo.

Mwalimu mwenyewe hakuzaliwa na subira. Miaka mingi aliyofundisha chekechea alifundisha kwa sauti na fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Aliimba a-e-i-o-u na watoto wakamjibu mpaka vioo vikatetemeka. "Mkono wa kulia juu!" alisema, na mikono yote ikapanda. "Wa kulia ndio upi?" "Wa kulia chakulaaa!" Darasa lake lilisifiwa kwa makelele hayo. Mtu akipita barabarani alijua kwamba mle ndani watoto wanasoma, na mzazi akijua hilo hulala usingizi.

Halafu mwalimu mkuu, mwanamke kijana mwenye miguu isiyotulia, akarudi kutoka mafunzoni na kuamuru madawati yatolewe. Yakaingia mikeka. Zikaingia rafu fupi za kimo cha mtoto, na juu yake trei, kila trei na kazi yake: jagi dogo na vikombe, maharage na kijiko, fremu ya mbao yenye kitambaa cha vifungo, mikasi butu, brashi na kopo la nta ya viatu. Mtoto angechagua kazi mwenyewe, angeishika kwa mikono yake mwenyewe, angeimaliza na kuirudisha rafuni. Mwalimu angekaa pembeni amfuate mtoto.

"Nimfuate wapi?" aliuliza yeye kwenye kikao. "Hawa wangu wanaenda chooni tu."

Walimu wenzake walicheka mpaka mwalimu mkuu naye akashindwa kujizuia. Lakini amri haikubadilika. Wiki za kwanza alikaa darasani kama mtu aliyenyang'anywa kazi yake akaachiwa mshahara. Alipoona mtoto anahangaika na kifungo, mikono yake ilikuwa inamwasha. Akabuni dawa yake: akaikalia. Alikaa kwenye kigoda huku viganja viko chini ya mapaja, mpaka vikafa ganzi, na ndivyo alivyoanza kuona. Aliona kwamba mtoto anayemimina maji hushusha pumzi pale maji yanapofika kwenye ukingo wa kikombe. Aliona kwamba yule anayesifiwa kwa kupaza sauti alikuwa hajui anachokisema. Mambo hayo yalikuwepo siku zote, na yeye alikuwa akiyafunika kwa wimbo.

Katika darasa hilo alikuwepo msichana mdogo waliyemwita Sisimizi, kwa kuwa hakuweza kutembea mikono mitupu. Akienda dirishani alibeba kitu, akirudi alibeba kingine. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jagi na vikombe. Alimimina, akakagua, akarudisha maji kwenye jagi, akamimina tena, asubuhi nzima, kwa utulivu wa mtu mzima anayesali. Na alimimina kwa mkono wa kushoto. Alikula kwa kushoto, alichora kwa kushoto, alimfuta machozi mwenzake kwa kushoto. Mwalimu Subiri aliliona hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza. Alikuwa na sababu zake za kunyamaza.

Jumatatu moja Sisimizi alikuja na mkono wa kushoto umevikwa mfuko.

Ulikuwa mfuko mzuri. Hilo ndilo lililomchoma mwalimu zaidi. Baba yake Sisimizi alikuwa fundi cherehani, na mfuko ule aliushona kwa pamba laini ya rangi ya maziwa, ndani ameweka bitana, kwenye kifundo amepitisha lastiki isiyobana, na mgongoni ametarizi ua dogo jekundu ili mtoto aupende. Ungeweza kudhani ni zawadi. Vidole vyote vitano vilikuwa mle ndani, havionekani, vimefungiwa pamoja.

Fundi mwenyewe alisubiri getini. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye futi ya kupimia shingoni kila saa, hata siku ya mapumziko. Alimwamkia mwalimu kwa heshima zote, akaeleza kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Mwakani mtoto anaingia darasa la kwanza. Kule wanakaa wamebanana, kiwiko chake kitamgonga jirani, na mwalimu wa kule hana muda wa kusubiri mtu. Zaidi ya hapo kuna watu. Alishamwona mteja, mtu mzima na akili zake, akirudisha mkono nyuma kwa sababu msaidizi dukani alimpa suruali kwa mkono wa kushoto. Suruali ikaanguka chini. Yule msaidizi akaiokota, akampa tena kwa kulia, na mteja akapokea bila kumtazama usoni.

"Sitaki mwanangu aokote kitu chini kwa sababu ya mkono," alisema fundi. "Nakuomba, mwalimu, usimvue. Ukimvua tutakuwa tunavutana mimi na wewe, na yeye yuko katikati. Akifunga muhula hajanyooka, sitagombana na mtu. Nitamhamishia kule wanakofundisha."

Kule wanakofundisha palijulikana. Paling'aa kwa usafi, watoto walihesabu mpaka mia kwa kuimba, na fimbo ilitundikwa ukutani karibu na saa.

"Nimekusikia, baba," alisema Mwalimu Subiri, na siku nzima iliyofuata alijichukia kwa maneno hayo.

Sisimizi hakulalamika. Alikwenda kwenye rafu ya maji kama kawaida, akashika jagi kwa mkono wa kulia, na maji yakaenda kwenye trei, kwenye mkeka, kwenye gauni. Akapangusa. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Siku ya tatu alilitazama tu lile jagi. Wenzake walipomwita awasaidie kubeba mkeka, aliwajibu, "Mkono wangu umelala," na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaogopa kuuamsha. Alianza kutembea mikono mitupu. Mwalimu, aliyekuwa amejifunza kukaa kimya na kutazama, sasa alitazama kitu ambacho hakukitaka: mtoto anayeacha kuchagua.

Mchana, watoto wakiwa wamelala, alikwenda jikoni kumsaidia mpishi kumenya viazi. Mpishi alikuwa mwanamke mnene mwenye mdomo usio na mlango, na walikuwa wakitaniana tangu enzi za madawati.

"Shoga, leo una nini?" mpishi alimuuliza. "Unamenya kiazi kama umemfumania nacho mumeo."

Mwalimu alitazama mikono yake. Kisu kilikuwa kushoto.

Mpishi hakushangaa. Alisema ameliona hilo siku nyingi, kwamba mwalimu akiwa na hasira au usingizi, mkono mwingine ndio unaofanya kazi. Alidhani ni mbwembwe. Ndipo Mwalimu Subiri akamsimulia, huku maganda yakianguka, habari ambayo hata mumewe aliisikia nusu. Utotoni alilelewa na mama yake mkubwa, mwanamke aliyempenda kupita kiasi, na mama mkubwa huyo alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mshipi wa gauni, kila siku, kwa upole, akimwimbia. Hakupigwa. Alinyooka. Mwandiko wake ukawa mzuri mpaka shuleni wakawa wanamwita aandike matangazo. Kilichobaki ni kitu kidogo tu, kigugumizi cha mwili. Mtu akimwambia pinda kulia, lazima asimame kwanza, aguse pete ya mkono wa kushoto, afikirie. Alipokuwa akiwaimbisha watoto kulia na kushoto, alikuwa akiwatazama wao ili ajue yeye ainue upi. Na akipewa kitu kipya mkononi, chochote, kuna kipande cha muda ambapo hakuna mkono unaokitaka.

"Sasa si umwambie yule fundi," mpishi alisema. "Hayo hayo, bila kutia chumvi."

Jioni ile alipiga moyo konde akaenda. Kibanda cha fundi kilikuwa chembamba, cherehani mlangoni ili kupata mwanga, vipande vya nguo vimening'inia mpaka juu kama majani. Fundi alimtafutia kiti, akakifuta. Mwalimu akaeleza yote: mama mkubwa, mshipi, nyimbo. Akafika kwenye mwandiko.

Uso wa fundi ukakunjuka. Alimsikiliza mpaka mwisho kwa furaha ya mtu aliyeletewa habari njema mlangoni, akasema alikuwa akipoteza usingizi, anajiuliza kama anamtesa mtoto. "Kumbe wewe mwenyewe," alisema. "Na ukawa mwalimu. Ahsante sana, mwalimu. Umenitua mzigo."

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa amekula hasara mbili. Alikuwa amekwenda kumfungua mtoto, na sasa amemkaza. Kibaya zaidi, njia nzima alijiuliza kama fundi hakuwa sahihi. Kwani kweli alikuwa ameumia? Alikuwa na kazi, ana watoto waliokua, ana mwandiko. Mtu atapimaje kitu ambacho hakikutokea?

Jambo likatatuliwa na watu wengine kabisa.

Palikuwa na mvulana mmoja darasani aliyeitwa Bwana Afya, kwa sababu kila asubuhi alipita akikagua kucha za wenzake bila kuajiriwa na mtu. Bwana Afya aliukagua mfuko wa Sisimizi ndani na nje, akauona msafi, akautaka. Kesho yake alikuja na soksi ya baba yake mkononi, imefika kwenye kiwiko. Siku iliyofuata soksi zikawa nyingi. Kuna aliyekuja na kofia ya mdogo wake, na kuna aliyevaa mfuko wa nailoni wa mkate, ukichakacha kila anapojikuna.

Mwalimu Subiri aliinuka azivue. Lilikuwa jambo la aibu, ilionekana kama wanamdhihaki mtoto wa watu. Alifika katikati ya chumba akasita. Hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka na trei zao, vipaji vya nyuso vimekunjamana, kama siku ile ya kwanza waliyopewa mikasi. Akachuchumaa kando ya Bwana Afya, akamuuliza wanafanya kazi gani.

"Kazi ya kulaza mkono," alijibu, bila kuinua macho kwenye kifungo chake.

"Mnalaza upi?"

"Wa kulia. Sisimizi amesema."

Mwalimu alitazama chumba kizima, akagusa pete yake, akatazama tena kwa uangalifu. Ilikuwa kweli. Soksi zote zilikuwa upande wa kulia. Mfuko wenye ua jekundu peke yake ulikuwa kushoto. Akamuuliza Sisimizi aliwaambia nini hasa. Sisimizi akamweleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba aliwaambia walaze ule wanaolia chakula, kwa sababu na yeye amelaza ule anaolia chakula. Neno lile lile mwalimu aliloliimbisha miaka yote, mtoto alikuwa amelichukua kama lilivyo. Wa kulia ni wa kulia. Kila mtu na wake.

Akarudi kwenye kigoda akaikalia mikono yake.

Wiki ile hakufundisha kitu, na hajawahi kuona darasa likifanya kazi kama lile. Waligundua kwamba kifungo kinaweza kushikwa kwa meno. Waligundua kwamba karatasi inakatika ukiikalia upande mmoja. Walibishana, wakamwita Sisimizi aamue, maana yeye alikuwa mzoefu, na Sisimizi akaanza kusema tena, akapita mkeka hadi mkeka akiwaonyesha jinsi ya kubana jagi kifuani. Lakini maji bado hakuyagusa. Aliwafundisha wengine tu, kwa maneno.

Fundi alifika mwishoni mwa wiki hiyo, asubuhi, futi shingoni. Kilichomleta kilikuwa biashara. Mama mmoja alikwenda kibandani kwake amenuna, akataka ashonewe mfuko wa mkono kama wa Sisimizi. Akasema shule imeleta sare mpya bila kuwaambia wazazi. Fundi alidhani ni utani. Baadaye akaja mama wa pili, na huyo akauliza kama rangi ni lazima iwe ya maziwa. Sasa alitaka kujua kinachoendelea.

Alisimama mlangoni. Mbele yake watoto walikuwa wakihangaika kwa mikono ya kushoto, maharage yametapakaa, mmoja amelala kifudifudi akivuta zipu kwa meno.

Bwana Afya ndiye aliyempokea mgeni. Alikagua kucha zake, akaridhika, akamuuliza, "Wako wa kulia uko wapi?" Fundi akaunyoosha bila kufikiri. Mtoto akauvisha soksi, akamkalisha kwenye mkeka, akamwekea fremu ya vifungo magotini.

Fundi alikuwa mtu wa kushona tundu la kifungo huku anapiga soga na kutazama nje. Alitabasamu, akashika kifungo kwa kushoto. Kikateleza. Akakishika tena. Alikunja kitambaa, akakipinda, akatafuta ukingo wa tundu kwa kidole gumba kisichojua kinatafuta nini, na polepole tabasamu likamtoka. Jasho likaota juu ya mdomo. Watoto walimzunguka, kimya kabisa, na ukimya wa watoto wadogo wanaotazama mtu akishindwa ni kitu kizito. Hawakuwa wakimcheka. Walijua anayoyapitia.

"Usijali, baba," Bwana Afya alimwambia, akimpigapiga begani. "Utazoea. Hata Sisimizi siku hizi analia kidogo tu."

Fundi aliinua uso. Alimtafuta binti yake, akamkuta amesimama karibu na rafu ya maji.

"Unalia?" alimuuliza.

Sisimizi alifikiri. Kisha akainua mkono wake wenye mfuko, ule wa kushoto, mpaka usawa wa sikio, kama alivyofundishwa darasani.

"Huu ndio wa kulia," alisema.

Hakuna aliyejua amemaanisha nini: mkono wa kula, au mkono wa machozi. Mwalimu Subiri, aliyelitamka neno lile mara zisizo na hesabu, alisikia maana zote zikimpitia kwa pamoja, na akaona kwamba fundi naye amezisikia, kwa sababu kifungo kilikuwa kimemtoka vidoleni na hakukitafuta tena.

Fundi alivua soksi, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. Akamwita binti yake. Hakuuvuta mfuko. Alipata uzi kwenye kifundo, akaukata kwa jino, akaufumua mshono taratibu mpaka lastiki ikaachia, na mkono ukatoka, umepauka kidogo, una mikunjo kama wa mtu aliyefua sana. Aliushika kwa muda kwenye kiganja chake.

Hakuomba radhi, na mwalimu hakutarajia aombe. Alisimama akazungumza kama anayepatana bei. Watu bado wako vile vile, alisema. Kwa hiyo kazi afanye kwa mkono anaoutaka, sawa, lakini kumpa mtu kitu na kupokea, atumie mikono yote miwili. Hapo hakuna atakayerudisha mkono nyuma. "Hilo utanisaidia kumfundisha?"

Mwalimu Subiri angetaka zaidi. Angetaka dunia yenye mteja asiyeangusha suruali. Lakini aliutazama uso ule uliochoka, wa mtu aliyemshonea mwanawe ua kwa usiku mmoja kwa sababu ya hofu, akasema atamsaidia. Kisha, kabla hajaondoka, alimwambia jambo alilolitafuta tangu siku ile kibandani: kwamba hata yeye alipendwa sana na mama yake mkubwa, na kwamba mpaka leo akipewa kitu hajui akipokee kwa upi. Safari hii fundi hakufurahi. Aliinamisha kichwa, akaufutika ule mfuko mfukoni, akaenda kuwaambia wale wateja wake kwamba hakuna sare.

Mtu angedhani Sisimizi alikimbilia jagi siku ile ile. Hakukimbilia. Mkono ulikuwa nje na bado ulilala. Alikaa nao mapajani, akiufungua na kuufumba. Wenzake walichoka na soksi kama watoto wanavyochoka na kila kitu, wakahamia kwenye brashi za viatu. Siku zikapita. Mwalimu Subiri alitamani kumwambia, mwanangu, ruksa sasa, shika, mimina. Alijua kwamba akisema hivyo, mtoto atamimina kwa ajili yake. Akainama kutafuta harage lililopotea chini ya rafu, kwa muda mrefu kuliko harage lilivyostahili.

Aliposikia maji alikuwa bado chini. Hakugeuka haraka. Sisimizi alikuwa amepiga magoti mbele ya trei, jagi liko kushoto, kidole cha kulia kimegusa kikombe kukituliza. Alimimina hadi ukingoni, na hakuacha, maji yakapita ukingo, yakajaa trei, yakashuka kwenye mkeka. Akaweka jagi chini. Akaenda kuleta kitambaa, akapangusa, akakikamua kwenye ndoo, akarudi akapiga magoti.

Bwana Afya alifika kukagua. "Umelowesha sakafu," alisema.

"Najua," alisema Sisimizi, na akamimina tena.